Fundi Pumzi na Barabara ya Chini ya Reli

Watu wengi waliomjua Fundi Pumzi hawakuwahi kulijua jina lake. Hata mimi, niliyefanya naye kazi gereji moja kwa miaka kumi na tisa, mara ya kwanza kuliona limeandikwa ilikuwa kwenye fomu ya hospitali, pale panapojazwa jina la mume. Nikadhani karani amekosea mgonjwa.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Taa, stata, betri, nyaya zilizoliwa na panya, hayo ndiyo yangu. Yeye alikuwa wa injini, na ndani ya injini alikuwa na kichaa cha kitu kimoja tu, hewa. Mteja akija kulalamika kwamba gari lake zito, halina nguvu, mafundi wengine wanakimbilia plagi au pampu ya mafuta. Yeye atafungua boneti, atainama, atatega sikio kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, kisha atasema, "Gari lako halijachoka, bwana. Linanyimwa pumzi." Jina lilitokea hapo.

Alikuwa mrefu, mkavu, na viganja vyake ukimpa mkono unahisi umeshika msasa. Maelezo yake yalikuwa yaleyale kila siku, na sisi wengine tuliyajua kwa moyo. "Injini inachoma mafuta na hewa pamoja. Kumwaga mafuta mengi ni rahisi, hata mlevi anaweza. Hewa ndiyo yenye shida. Angalia hapa, boksi la chujio dogo, halafu mpira umejikunja kama utumbo, halafu koo lenyewe jembamba. Unataka gari lipande mlima! Hebu wewe ziba pua, vuta hewa kwa mrija, halafu upande ngazi." Na mrija alikuwa nao mfukoni. Nimemwona kwa macho yangu meneja wa benki, tai shingoni, amebana pua kwa vidole viwili na mrija mdomoni, anapanda na kushuka ngazi za stoo yetu. Sisi tuliokuwa chini ya magari ilibidi tubaki hukohuko, kwa kuwa hatukuwa na sura ya kutokea.

Alipofika chini, meneja alikubali kila alichoambiwa.

Kazi hiyo ya kuliongezea gari hewa Pumzi aliifanya kwa wateja kumi na mmoja, ambao aliwajua wote mahali wanapokaa. Anatoa boksi la zamani, anatoa ule mpira uliojikunja. Anafungua manifoldi, lile bomba lenye matawi linalogawa hewa kwenye silinda, anaisugua ndani kwa msasa siku nyingi mpaka ukipitisha kidole huhisi kitu. Koo la hewa analipanua. Kisha anaunda bomba pana la alumini, linateremka kutoka kwenye injini mpaka chini nyuma ya bampa, na mwisho wa bomba anafunga chujio la mviringo lililochongoka. Kwa nini chini? Kwa sababu chini ya boneti hewa ina joto, na hewa ya moto imekuwa nyepesi, haina kitu. Hewa ya kule chini ni baridi, imeshiba. Gari likiivuta, unalisikia linabadilika sauti.

Lakini kila mteja, kabla hajampa ufunguo, alimshika mkono na kumwambia maneno yaleyale. "Sikiliza vizuri. Pua ya gari lako sasa iko chini. Ukiona maji yamesimama barabarani yakapita kifundo cha mguu, zunguka. Usijaribu. Injini ikivuta maji, imekufa. Zunguka, hata kama ni mbali." Hakumwachia mtu mkono mpaka arudie mwenyewe. Nilikuwa nikimtania, "Unawafungisha ndoa au unawapa gari?" Ananijibu, "Ndoa unaweza kuitengeneza. Hii huwezi."

Mkewe, shemeji yangu huyo, alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha mashine, vitambaa na pini zilizokuwa zikituchoma miguu kila tukienda kumtembelea. Alikuwa mnene kiasi, mcheshi, na mdomo wake haukuwa na breki. Walivyojuana ni kichekesho. Pumzi, enzi hizo kijana, alimpelekea ovaroli iliyochanika bega. Akaishona. Baada ya siku mbili ovaroli imerudi, imechanika kiunoni. Akaishona. Mara ya tatu ndani ya wiki moja yule binti akaiinua ovaroli kwenye mwanga, akatazama, akamwuliza, "Kaka, hii inachanika au unaichana?" Pumzi akajifanya anatafuta pini sakafuni. "Basi," yule binti akamwambia, "kesho njoo bila ovaroli. Njoo na maneno."

Walikaa pamoja miaka ishirini na sita. Walipata mtoto mmoja, wa kike. Baba alimfundisha kuendesha akiwa bado anakalia mito miwili ili aone mbele, na alipokua akawa mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake wakamwogopa kuliko askari wa barabarani. Mimi ananiita baba mdogo. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa pili, lakini chai ya asubuhi alikuja kunywa kwa mama yake kila siku kabla ya kwenda kazini.

Sasa, pamoja na ufundi wote huo, gari la Pumzi mwenyewe lilikuwa aibu. Lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu watatu kabla yake. Shemeji alikuwa anashona sare za shule iliyoko juu ya kilima, na kila alipopeleka mzigo, katikati ya mlima gari lilianza kutapatapa. Ilibidi shemeji ashuke, na binti ashuke, watembee kando ya mlango huku Pumzi ametoa macho kwenye usukani. "Angalieni," shemeji anawaambia wapita njia, "nalisindikiza gari langu kama mgeni." Nyumbani alikuwa na jingine: "Mume wangu ana wake wawili, mimi na manifoldi. Na mwenzangu ndiye anayeogeshwa kila siku."

Alisema kwa mzaha, lakini yule bwana lilimwingia. Akaniambia siku moja tukila mchana, "Huyu mwanamke hatashuka tena pale mlimani. Nimesema."

Wiki tatu alilifanyia kazi lile gari baada ya saa za kazi, kila siku mpaka jua linapozama. Manifoldi aliisugua mpaka ikang'aa ndani, mahali ambapo hakuna atakayewahi kupaona. Bomba alilipima mara nne kabla ya kulikata. Na kwa kuwa barabara zetu ni za vumbi, shemeji mwenyewe alilishonea chujio soksi ya kitambaa chembamba cha kuzuia mchanga, yenye lastiki mdomoni. Aliishona kwa uzi mwekundu, kwa makusudi. "Ili manifoldi ajue kuna mke mkubwa," alisema.

Nilikuwepo siku waliyolijaribu. Tuliingia wanne, pamoja na mabunda sita ya sare. Pale ambapo gari lilikuwa likikohoa, Pumzi alikanyaga mafuta, na injini ikatoa mngurumo mzito, kitu kikatusukuma migongoni, tukapanda. Tulipanda tu, hatukushuka hata mmoja. Shemeji alitoa kichwa dirishani, kilemba kikaruka kikaanguka barabarani, naye akakataa tusimame kukichukua. Alikuwa anapiga mlango kwa kiganja na kucheka mpaka machozi. "Mwaaache! Mwache apande! Usisimame!" Tulipofika juu Pumzi alizima gari, akamtazama mkewe kwenye kile kioo cha ndani. Nikashuka haraka. Nilijiona niko mahali ambapo sikutakiwa.

Hiyo ilikuwa miezi mitano kabla ya mvua.

Asubuhi ile mvua ilianza kabla ya kupambazuka, na saa mbili ilikuwa bado inamwagika. Haya yaliyotokea nimeyapata kwa binti, na kwa Pumzi mwenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Shemeji alikuwa anakata kitambaa mezani. Binti alikuwa anamalizia chai. Mkasi ukaanguka. Shemeji akainama kuuokota, mkono wa kulia ukakataa kufunga. Akaujaribu tena. Akamgeukia binti yake aseme kitu, na binti akaona mdomo wa mama yake umeshuka upande mmoja, na maneno yaliyotoka hayakuwa maneno.

"Baba!" aliita. "Baba, njoo! Mama ana kiharusi!"

Shinikizo la damu alikuwa nalo miaka mingi, na dawa alikuwa anameza. Walimbeba wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa binti. Pumzi akawasha gari.

Kwenda hospitali kuna njia mbili. Ya kupitia daraja kubwa ni nusu saa, na siku ya mvua inazidi. Ya kupita chini ya reli ni dakika kumi. Pale chini ya reli barabara inadidimia kama bakuli, na mvua ikinyesha maji yanajaa. Kila mtu wa mtaa wetu anapajua. Na Pumzi alikuwa amepapita mvua zote za miaka aliyokuwa na gari lile, taratibu, gia ya kwanza, bila tatizo, kwa sababu enzi hizo gari lilikuwa linavuta hewa kwa juu.

Walipofika, maji yalikuwa nusu ya tairi. Gari dogo mbele yao liliingia, likaenda polepole, likatokea upande wa pili.

"Baba, turudi tupite darajani," binti alisema.

"Hakuna muda."

"Baba, maji mengi."

"Napapita hapa kila mwaka, mama. Mshike mama yako."

Akaingia.

Baadaye aliniambia jambo ambalo sijawahi kulisahau. Aliniambia kwamba kwa dakika ile hakuwa fundi. "Ningekuwa nampeleka mgonjwa wa mtu mwingine ningekumbuka. Walahi ningekumbuka. Lakini nilikuwa namsikia yeye nyuma, anajaribu kuniita, anashindwa. Nilikuwa mume wa mtu tu. Kazi yangu yote ilinitoka kichwani."

Katikati ya maji injini ilikohoa mara moja. Kisha ikagonga, mlio mmoja wa chuma, kama nyundo imeanguka sakafuni, ikakaa kimya. Pumzi aligeuza ufunguo. Stata ikalia *tak*. Akageuza tena. *Tak*. Hapo ndipo yote yalipomrudia. Binti anasema baba yake aliutoa mkono kwenye ufunguo polepole sana, akauweka pajani, akatazama mbele. Akasema, kwa sauti ya chini, "Pua iko chini." Binti hakumwelewa.

Maji yalikuwa yanaingia milangoni. Pumzi alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akampakata mkewe, akamgeuza akambeba mgongoni, binti akimshika kwa nyuma asidondoke. Walitembea kwenye maji, mvua inawapiga usoni. Shemeji hakuwa mwepesi na Pumzi hakuwa kijana. Alijikwaa mara mbili. Na mkewe, kwa ule mkono wa kushoto uliokuwa bado mzima, alikuwa anampigapiga begani, taratibu, pa, pa, pa, kama unavyompa pole mtu aliyebeba mzigo.

Upande wa pili hakuna aliyesimama. Magari yalipita yakiwarushia maji. Waliketi kwenye ukingo wa barabara, binti akasimama katikati ya njia amenyoosha mikono, mpaka lori la mchanga likapiga breki. Dereva aliwapakia mbele wote watatu, utingo wake akahamia nyuma kwenye mchanga. Walipofika hospitali ilikuwa imepita saa moja na robo tangu mkasi ulipoanguka.

Shemeji alilala siku tatu. Mimi nilikwenda kila siku. Hakusema neno lililoeleweka, ila siku ya pili alifumbua macho akamtazama mumewe kwa muda mrefu, kisha akafumba. Siku ya tatu alfajiri akafariki.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Pumzi alimfuata kwenye korido, mimi nikiwa nyuma yake.

"Daktari, naomba unijibu kitu kimoja. Tungefika kwa dakika kumi, angepona?"

Yule mama alivua miwani. "Damu ilivuja nyingi kichwani, baba. Wapo wanaofika mapema na tunawapoteza."

"Sikuuliza wao. Nauliza yeye."

"Siwezi kukuambia kwamba ile saa ndiyo iliyomchukua," alisema. "Na siwezi kukuambia kwamba siyo. Ningekuwa najua ningekuambia."

Pumzi akamshukuru. Akasimama pale, hajui aende upande gani, mpaka nikamshika mkono kama mtoto.

Msibani watu walikuwa wanasema yale yasemwayo, kwamba ni kazi ya Mungu, kwamba mvua haina adabu, kwamba serikali iliambiwa zamani kuhusu mfereji wa pale. Pumzi aliwaacha wamalize. Kisha akasimama mbele ya ndugu wote, na ndugu wa mkewe wamo, akasema, "Si mfereji. Ni mimi. Bomba lililovuta maji nililiunda kwa mikono yangu. Pale mbele yetu lilipita gari dogo kuliko letu, likavuka. Letu lingevuka pia, kama nisingeligusa." Kaka yake shemeji aliinuka, akavaa viatu, akaondoka bila kumuaga mtu. Binti alikuwa amekaa na shangazi zake ukutani. Aliinua uso akamtazama baba yake, na nadhani hapo ndipo alipoyaelewa yale maneno ya kwenye gari.

Gari lilikokotwa mpaka gereji. Wiki tatu lilikaa limefunikwa turubai, hakuna fundi aliyethubutu kulisogelea. Asubuhi moja nilimkuta Pumzi ameshalifunua, ameshafungua bampa.

"Nisaidie," alisema.

"Kwa nini usiliuze hivyohivyo? Wapo wanaonunua vyuma."

"Nataka kuona."

Chujio lilikuwa bado na matope. Soksi ilikuwa imenywea, imekauka, imeng'ang'ania chujio, na uzi mwekundu ulikuwa umechujia kidogo kwenye kitambaa. Aliivua taratibu, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Tulitoa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, tukateremsha sampu, beseni la oili la chini, akatoa pistoni ya tatu. Mkono wake, ule wa chuma unaoishika, sisi tunauita konrodi, ulikuwa umepinda kama kijiko kilichokaliwa. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni ilipopanda ikakutana na maji, kitu kimoja kilibidi kipinde.

Tulikuwa tumekishika kile chuma kilichopinda, mimi na yeye, binti alipoingia. Alikuwa na sare ya kazi. Hakutusalimia.

"Hicho ndicho?"

"Ndicho," baba yake alisema.

Alikichukua, akakigeuzageuza. Oili ikamchafua vidole. "Ulijua kwamba maji yanaweza kufanya hivi?"

"Nilijua."

"Wale wateja wako wenye mabomba kama hili. Uliwaambia?"

"Niliwaambia wote."

"Mmojammoja?"

"Mmojammoja. Niliwashika mkono."

Binti alitikisa kichwa, kidogo kidogo, kama anahesabu. "Na sisi, baba? Sisi ulituambia lini?"

Mimi nilitazama chini. Pumzi alimsogezea kitambaa cha kufutia oili. Kweli ni kwamba hakuwaambia. Kwa nini awaambie? Dereva alikuwa yeye. Aliyekuwa anajua ndiye aliyeshika usukani. Lakini hilo huwezi kumwambia mtoto aliyesimama barabarani na mikono juu, mama yake ameketi kwenye tope nyuma yake.

"Mama alikuwa anacheka," binti alisema. "Siku ile ya mlimani, alicheka mpaka nikaogopa. Sasa kila nikikumbuka anavyocheka nasikia na ile injini. Hata kicheko chake umenichukulia."

Akaweka konrodi mezani bila kupiga kelele, akafuta vidole kwenye kitambaa, akaondoka. Baada ya hapo miezi minane hakukanyaga kwa baba yake. Akitaka kujua hali yake alinipigia mimi. "Baba mdogo, yupo?" "Yupo." "Haya." Anakata.

Pumzi hakurudi kwenye kazi ile. Alianza kwanza kwa kutafuta wale kumi na mmoja. Aliazima baiskeli yangu, akafunga mkoba wa spana nyuma, akawaendea nyumbani kwao na makazini. Kila mmoja alimwambia kitu kilekile, "Nimekuja kupandisha pua ya gari lako. Nguvu itapungua kidogo. Naomba uniruhusu." Hakueleza zaidi ya hapo, lakini habari ilikuwa imeshasambaa, na wengi walimfungulia boneti bila neno. Dereva mmoja wa teksi alikataa. "Fundi, gari hili sasa hivi linawaacha wote stendi. Pole kwa msiba, lakini langu usiliguse." Pumzi alikwenda kwake mara nne. Mara ya nne yule bwana alimkuta ameketi kando ya gari tangu asubuhi, mkoba wa spana mapajani. Akamrushia ufunguo. "Haya, fungua. Mtu huna hata aibu ya kuchoka."

Wa mwisho alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke anayezunguka mashambani na pikapu. Nilimsindikiza Pumzi siku hiyo kwa sababu njia ni ndefu. Alipomaliza kufunga, yule mama alituletea maji ya kunywa, akasema tu, katika mazungumzo, "Yale maneno yako yalinisaidia, fundi. Msimu ule wa mvua nilikutana na maji mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kujaribu, nikakumbuka ulivyonishika mkono. Nikazunguka."

Pumzi aliweka glasi chini. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa watu, akajifunika uso kwa viganja, akalia. Katika msiba wote ule sikuwa nimemwona akilia hivyo. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, na mbwa wa yule mama wakasogea wakamzunguka. Yule daktari aliniangalia, anataka kujua amekosea wapi. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba hakukosea. Nitamwambia nini? Kwamba mtu huyu alimwokoa kila aliyemshika mkono, na wa kwake hakuwashika, kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye usukani?

Siku hizi Pumzi anatengeneza breki tu. Breki na klachi. Akija mtu na habari za nguvu, za kwenda kasi, anamwelekeza gereji nyingine, kwa adabu. Ule mrija sijauona tena. Gari aliliuza vipandevipande, manifoldi ikanunuliwa na mtu wa mbali, akaisifu jinsi ilivyosuguliwa.

Binti alirudi nyumbani mara moja, mwezi wa tisa tangu siku ile ya gereji, kuchukua cherehani ya mama yake. Nilikuwepo kuibeba. Baba yake alikuwa ameipaka mafuta, ameifuta vumbi, amezungushia uzi upya. Binti aliuliza kama dari bado linavuja, baba akamwambia limezibwa. Akiwa mlangoni akarudi hatua mbili, akamwekea baba yake sawa kola ya shati iliyokuwa imekunjika ndani. Kisha akatoka.

Tangu hapo anampigia simu Jumapili. Mimi Jumapili huwa nakwenda kukaa na Pumzi, tunasikiliza mpira redioni, kwa hiyo nasikia. Si maongezi marefu. Jumapili iliyopita simu ililia wakati wa mapumziko. Akaiweka sikioni, akainuka, akasimama karibu na dirisha.

"Nipo, mama... Mzima... Nimekula."

Akasikiliza.

"Nimekula nini?" akasema, akanitazama mimi, macho yamemtoka, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakulisoma. Jikoni kwake tangu asubuhi hakukuwa na moto. Nikainua mabega.

"Baba?" nilisikia sauti ya binti, ndogo, kutoka kwenye simu. "Baba, bado upo?"

"Nipo," alisema. "Nafikiria."